Kutoka Kamati ya Lugha hadi Kompyuta: Nani Husahihisha Kiswahili?

Historia ya Kiswahili kilichoandikwa kwa hati za Kirumi ni, kwa kiasi kikubwa, historia ya wasahihishaji. Mwaka 1928 mkutano wa Mombasa uliteua Kiunguja kuwa msingi wa lugha sanifu. Mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, iliyopitia miswada ya vitabu vya shule na kuidhinisha ile iliyofuata kanuni zake. Kwa kipimo hicho, *mato* na *nti* za Kimvita zilipaswa kuwa *macho* na *nchi*. Kamati ililaumiwa, na baadhi ya lawama iliistahili, kwani katika miaka yake ya mwanzo ilikuwa mikononi mwa Wazungu. Hata hivyo, uamuzi wake ulijulikana, na kwa hiyo uliweza kupingwa.

Msahihishaji wa leo hufanya kazi kimyakimya. Programu ya Word ilipata usahihishaji otomatiki katika toleo la 6.0, mwaka 1993, ili kurekebisha makosa ya vidole, kama vile kugeuza *teh* ya Kiingereza kuwa *the*. Tuandikapo Kiswahili huku kompyuta ikidhani ni Kiingereza, mofimu *i* inayosimama peke yake hugeuzwa *I*; neno linalofuata kifupisho *taz.* hupewa herufi kubwa. Ritifaa ya *ng'ombe* hupindwa, neno likawa na sura mbili, na mtafiti anayesaka sura moja katika matini huenda akaikosa ya pili.

Yafaa tutofautishe mambo mawili. Kisahihishi tahajia kinachopiga mstari mwekundu chini ya neno hushauri tu. Usahihishaji otomatiki huamua. Anayenakili utenzi wa Kiamu anahitaji mshauri, wala hahitaji mwamuzi, kwa sababu umbo lisilo sanifu ndilo ushahidi wenyewe wa lahaja. Likibadilishwa bila yeye kujua, msomaji wa baadaye hatakuwa na njia ya kuligundua.

Kwa hiyo, kabla ya kunakili, mwanafunzi achague Kiswahili kuwa lugha ya matini, kisha afungue sehemu ya usahihishaji katika programu na kuondoa alama zinazoruhusu kubadilisha maneno, kukuza herufi na kupinda ritifaa. Mstari mwekundu aubakishe. Usanifu una mahali pake, lakini mwenye kuutekeleza awe mtu anayeweza kuulizwa sababu.