Wajuzi Wasio na Ijara: Habari za Mkutano wa Redmond

Miongoni mwa mikusanyiko ifanywayo kila mwaka na makampuni makubwa ya Marekani, upo mmoja ambao waalikwa wake si wanunuzi wanaobembelezwa, wala si wenye hisa wanaodai hesabu yao, wala si watumishi wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi, bali ni watu baki waliojitia wenyewe, kwa hiari na pasipo ijara, katika kazi ya kuwafundisha wengine namna ya kuzitumia bidhaa za kampuni. Mkutano huo hujulikana kwa jina la MVP Summit. Mwenyeji wake ni Microsoft, na makao yake ni Redmond, mji ulio mashariki ya Ziwa Washington, ambako kampuni ilihamia mwaka 1986. Mwenye kuutazama kwa mbali hudhani kuwa ni karamu ya kutoa shukrani tu. Walakini historia yake ni historia ya mvutano baina ya pande mbili zinazohitajiana, na katika mvutano huo kampuni, pamoja na mali yake yote, haikushinda kila mara.

Asili ya mkusanyiko wa namna hii ni kongwe kuliko Microsoft yenyewe. Mwaka 1955, IBM ilipokuwa ikianza kuwakabidhi wateja wake mashine iliyoitwa 704, programu tayari za kuiendesha zilikuwa adimu, na kila mwenye mashine alilazimika kuweka waandishi wake mwenyewe, ambao walikesha wakiyatunga mambo yale yale ambayo jirani yao, aliye mitaa michache tu kutoka kwao, alikuwa akiyatunga usiku ule ule. Hasara hiyo iliwachosha hasa wenye viwanda vya ndege vya Los Angeles. Basi mwezi wa Agosti mwaka huo watu waliokuwa mahasimu katika soko la ndege walikutana Santa Monica, katika majengo ya shirika la RAND, wakaunda chama wakakiita SHARE, wakaafikiana kwamba programu aliyoiandika mmoja itakuwa halali kwa wenziwe. Mwaka 1961 watumiaji wa mashine za Digital Equipment, kampuni iliyokuwa imepanga katika kiwanda kikuukuu cha sufu huko Maynard, Massachusetts, wakaufuata mfano huo kwa chama chao cha DECUS. Katika vyama hivyo aliyekuwa na chama ni mteja, na kampuni ilikuja ikaketi, ikasikiliza, ikalaumiwa. Nalitaja jambo hili kwa makusudi, maana yaliyofuata yaligeuza viti: kampuni ndiyo iliyokuwa mwenyeji, na mjuzi akawa mgeni wake.

Mageuzi hayo yalipitia njia ya simu. Katika miaka ya mwanzo ya 1990, kabla intaneti haijaingia majumbani, mwenye kompyuta aliyetatizwa na programu alipiga simu kwa modemu hadi mitambo ya CompuServe, kampuni ya Columbus, Ohio, akaingia katika baraza za maandishi, akaandika shida yake, kisha akangoja mwenye huruma aijibu. Huduma hiyo ilitozwa kwa saa. Mtu alipaye kwa saa ili apate kumsaidia mwingine asiyemjua hata kwa sura ni kitendawili ambacho wanauchumi hawakujishughulisha nacho sana, lakini watu hao walikuwapo, na wengi wao walikuwa na maarifa yasiyopatikana katika kitabu chochote cha maelekezo. Mwaka 1992 Microsoft ilinunua Fox Software, kampuni ya Perrysburg katika jimbo lile lile la Ohio, pamoja na programu yake ya kutunza kumbukumbu iitwayo FoxPro. Na baraza la FoxPro lilikuwa na makelele ya kheri kuliko mengi. Husimuliwa kwamba Calvin Hsia, mwandishi wa programu wa FoxPro, alitengeneza orodha iliyohesabu nani ameandika mara ngapi na nani ameandikiwa mara ngapi, na kwamba watu wa Microsoft walipoiona orodha hiyo walitambua kuwa mbele yao yameandikwa majina ya walimu wao wasiolipwa. Mwaka 1993 watu 37 wakatunukiwa cheo cha MVP, yaani wajuzi wenye thamani kuu.

Masharti ya tuzo hiyo yaliwekwa kwa hekima, na sehemu kubwa yangali yakifuatwa hata leo. Hutolewa kwa mwaka mmoja tu. Hutazama yaliyokwisha kutendwa, wala haimwagizi mtu kazi ya mwaka ujao. Ukiisha mwaka, kila mmoja hupimwa upya, na asiyeonekana kufanya kitu huachwa. Mtumishi wa Microsoft haruhusiwi kuwa nayo. Hidaya zake ni cheti, nishani ya kioo, haki ya kutumia programu za kampuni bila malipo, na mwaliko wa kwenda Redmond kwenye mkutano. Kwa upande wake, mtunukiwa hutia sahihi ahadi ya kutunza siri, na ahadi hii nitairudia.

Mwaka 1999 ndio uliodhihirisha heshima hiyo ni mali ya nani. Mwezi wa Mei mwaka huo, watu waliokuwa wakijitolea kusimamia vyumba vya mazungumzo vya kampuni ya AOL, wakipewa huduma bure au kwa bei nafuu mahali pa mshahara, walikwenda mahakamani huko New York wakidai kuwa walichokifanya kilikuwa kazi, na kazi, kwa sheria za Marekani, haina budi kulipwa. Kesi hiyo ilisota zaidi ya miaka kumi kabla ya kuishia katika sulhu ya dola milioni 15. Ijumaa tarehe 22 Oktoba ya mwaka ule ule wa 1999, Microsoft ikatangaza kwamba mpango wa MVP utavunjwa, na watu wa wakati ule hawakukosa kuyafunga mambo hayo mawili katika uzi mmoja. Wajuzi hawakuandamana wala hawakwenda kwa wakili. Walifanya kile walichokuwa wakikifanya kila siku: waliandika. Waliandika wenyewe, na waliowahi kusaidiwa nao wakaandika, barua zikawamiminikia wakubwa wa kampuni, Bill Gates akiwa mmoja wao, hata siku tatu baadaye uamuzi ukatanguliwa na mpango ukaachwa uishi. Lau wangalikuwa watumishi, wangalifukuzwa, na habari ingaliishia hapo. Lakini mtu asiyelipwa hana mshahara wa kukatwa, na kampuni iliyokuwa na uwezo wa kuifuta orodha haikuwa na uwezo wa kuyafuta maswali yaliyokuwa yakingoja majibu Jumatatu asubuhi.

Tangu hapo mkutano ulikua mwaka baada ya mwaka. Wageni hulazwa katika hoteli za Bellevue, mji jirani, na mabasi huwapeleka na kuwarudisha. Kwa desturi ya miaka mingi nauli ya ndege ilikuwa juu ya mwalikwa mwenyewe, na mwenyeji akabeba malazi na chakula. Makao ya Redmond ni kama mji mdogo ambao majengo yake hutajwa kwa nambari, na mzaha wa kale wa pale ulikuwa kumwagiza mgeni aende jengo la 7, ambalo kwa miaka mingi halikuwapo. Faida ya safari, hata hivyo, haiko katika majengo. Iko katika vyumba ambamo mhandisi aliyeunda chombo huketi mbele ya watu wanaokitumia kila siku, akawaonyesha kitakachotoka mwakani, naye akaambiwa pasipo adabu nyingi kwamba hakitafaa.

Na hawakuwa watu wa kunyamaza. Visual Basic 6, lugha ya kuandikia programu iliyotoka mwaka 1998 na iliyowalisha waandishi wengi mno, iliwekwa kando mwaka 2002 kwa ajili ya mrithi ambaye hakuweza kuisoma kazi ya zamani bila mateso. Mwezi wa Machi 2005, msaada wa kawaida wa lugha hiyo ulipokaribia kukoma, zaidi ya MVP 100 walitia sahihi maombi ya hadharani ya kutaka iendelezwe. Safari hii kampuni haikurudi nyuma, na ni vema kusema hivyo, kwa kuwa wapo wanaowasimulia wajuzi hawa kana kwamba neno lao ni amri. Walakini mwezi wa Aprili 2008, katika kikao cha mkutano kilichofanywa Seattle, Steve Ballmer, mkuu wa kampuni, alikiri mbele yao kwamba Windows Vista, iliyokuwa imeuzwa kwa umma zaidi ya mwaka mzima, ilikuwa bado kazi inayoendelea kufanywa. Magazeti yaliyachukua maneno hayo mara moja. Sidhani kama angeyasema kwa wepesi ule mbele ya wenye hisa.

Ile ahadi ya siri ndiyo inayonitia shaka. Hadhi ya mjuzi huyu mbele ya watu hutokana na uhuru wa ulimi wake, kwamba hutaja ubora na ubovu kwa kuwa hana cha kupoteza. Naye akisha kuingia chumbani na kuyaona yajayo, hutoka akiwa na elimu zaidi na ruhusa ndogo zaidi. Anayeulizwa na mteja wake kama anunue leo au angoje, ilhali anajua linalokuja miezi sita mbele, hulazimika kujibu kama asiyejua. Hakuna aliyemlazimisha kutia sahihi, ni kweli, na bila siri hiyo wahandisi wasingesema kitu. Lakini gharama hiyo hulipwa na yule mwulizaji aliye nje, ambaye hakualikwa wala hakuulizwa. SHARE ya mwaka 1955 haikuanza kwa ahadi ya namna hiyo, kwa sababu wenye chama ndio waliokuwa wakigawiana kilicho chao.

Makampuni mengine yaliuiga mpango huu baadaye: Oracle ikawa na wake, Google vilevile, na Salesforce ikachukua hata jina lenyewe. Mwezi wa Machi 2020 maradhi ya Korona yakafunga safari, mkutano ukafanywa wote kwa njia ya mtandao, na ikawa hivyo hadi mwaka 2023, milango ya Redmond ilipofunguliwa tena huku mtandao nao ukiachwa wazi kwa walio mbali. Kwa watu wa Afrika Mashariki uwazi huo una saa zake: saa mbili asubuhi ya Redmond, katika majira ambayo Wamarekani wamekwisha sogeza saa zao mbele, ni saa kumi na mbili jioni Nairobi na Dar es Salaam, na kikao cha saa tisa alasiri humkuta mtu wa huku saa saba za usiku, watoto wakiwa wamelala na kazi ya kesho ikimngoja. Mwenye nauli na viza husafiri. Asiye navyo hukesha akayasikia mafundisho yote, ghairi ya mazungumzo ya ukumbini baada ya kikao, ambako mhandisi humshika mtu mkono na kumwomba amweleze tena, polepole, ni kitu gani hasa kilichomkera.