Programu Zilivyoingia Katika Kontena

Leo tutasoma habari za kontena, lakini si lile la bandarini peke yake. Liko kontena jingine lisiloonekana kwa macho, linalobeba programu za kompyuta.

Wewe wa Dar es Salaam unaijua Kariakoo. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi waliolichukulia mizigo jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Siku zile mzigo ulikwenda kichwani. Bandarini nako wachukuzi walishusha gunia moja moja, kwa siku nyingi. Hata tarehe 26 Aprili 1956, Malcom McLean wa Marekani akasafirisha masanduku 58 makubwa ya alumini katika meli iitwayo Ideal X. Mali ilifungwa mara moja tu, na haikufunguliwa njiani.

Sasa tuje kwenye kompyuta. Nchini kwetu ya kwanza ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza, na miaka mingi ikapita kabla hazijawa kitu cha dukani. Leo unaweza kununua kompyuta iliyokwisha tumika huko huko Kariakoo. Lakini kompyuta bila programu ni cherehani bila uzi.

Iko programu kuu ya bure ya kuendeshea kompyuta, nayo ni Linux, iliyoanzwa 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Finland. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth wa Afrika ya Kusini akatoa namna yake iitwayo Ubuntu. Mwaka huo huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya kuandikia barua na kupigia hesabu, yenye maneno ya Kiswahili. Intaneti ilikuwa ghali mno kabla waya wa SEACOM haujafika pwani yetu 2009. Kwa hiyo CD za Ubuntu zilitumwa bure kwa posta, hata 2011.

Basi taabu ilikuwa nini? Fikiri nyumba ya Kiswahili. Vyumba sita, ukumbi katikati, na nyuma uani jiko moja na choo kimoja cha wote. Programu za Linux zilikaa hivyo hivyo: nyingi zilitumia vipande vile vile vya pamoja. Ni jambo zuri, maana nafasi haipotei. Lakini mpangaji mmoja akitaka jiko jipya, na mwenzake hajui kupikia ila lile la zamani, ugomvi huanza. Mimi mwenyewe niliwahi kuweka programu mpya jioni, na asubuhi ile ya zamani ikakataa kufunguka. Nilikuwa na ripoti ya kupeleka siku hiyo.

Mafundi wakakumbuka kontena. Kila programu ifungwe pamoja na vipande vyake, ikae chumbani mwake na jiko lake. Mwaka 2013 Docker ilianza kufanya hivyo kwa kompyuta kubwa za makampuni. Kwa kompyuta ya mezani, mwaka 2016 Ubuntu ilitolewa ikiwa na Snap ndani yake, na mwaka huo huo kazi ya Alexander Larsson ikapewa jina la Flatpak.

Ukiwa na Ubuntu, Flatpak huiweka mwenyewe. Fungua dirisha la amri, uandike:

sudo apt install flatpak

Kompyuta itakuuliza neno la siri. Ukiliandika hutaona herufi hata moja, usishtuke, linaandikwa. Amri ya pili ni ndefu, mwalimu wako ataiandika ubaoni. Hiyo huielekeza kompyuta kwenye Flathub, ghala ambamo programu nyingi za Flatpak zimewekwa. Kisha zima kompyuta, uiwashe tena.

Faida yake unaiona. Huna haja ya kununua programu ya wizi iliyotiwa katika flashi, yenye virusi ndani. Tena mlango wa chumba una komeo: programu iliyomo haiwezi kugusa kila faili lako, ila pale iliporuhusiwa. Lakini kagua, maana nyingine zimepewa ruhusa pana mno.

Gharama nayo tusiifiche. Jiko katika kila chumba hula nafasi. Programu ya kwanza huja na msingi wake, na vyote viwili huweza kupita megabaiti 500. Kwa mtu anayenunua kifurushi cha siku, hizo ni fedha za mboga. Zinazofuata huwa nyepesi zaidi zikiwa zinatumia msingi ule ule. Kwa maoni yangu, darasa zima lichange kifurushi kimoja kikubwa, kompyuta ziunganishwe siku moja.

Kazi ya juma hili: tazama kompyuta ya darasa lako, uandike daftarini diski yake ina nafasi kiasi gani iliyobaki. Juma lijalo tutaitumia hesabu hiyo. Kwaherini.