Kwarezima na Pasaka katika Parokia yetu ya Mpala, 1885–2025

Katika kitabu hiki kidogo cha jubilei mtasoma habari za majengo, za mapadri waliopita, za watawa na za shule. Sisi makatekista tumeombwa kuandika juu ya jambo lisilo na mawe wala mabati: namna parokia ilivyotembea, mwaka kwa mwaka, toka Jumatano ya Majivu mpaka usiku wa Pasaka. Tumekubali kwa moyo, kwani kwetu Mpala historia ya Kwarezima ni historia ya wakatekumeni.

Mapadri Weupe walipokea Mpala mwezi wa Julai 1885. Mbele yao palikuwa na boma la Kapiteni Storms, Mbelgiji, aliyelianzisha mwaka 1883 karibu na mto Lufuko kwa ajili ya Shirika la Kimataifa la mfalme Leopold. Tuseme kweli: mapadri hawakurithi kuta tu, walirithi na utawala. Walikata mashauri, walilinda watu kwa bunduki, na tangu mwaka 1887 Kapiteni Joubert alikuwa upande wao kuwazuia wenye kuuza watumwa. Kati ya watu waliokusanyika kando ya boma hilo walikuwamo watoto waliokombolewa utumwani, na wakimbizi waliotafuta mahali pa kulala bila hofu.

Mtu angefikiri kwamba hapo ubatizo ulikuwa kitu rahisi, kwamba aliyelindwa na misioni alimwagiwa maji kesho yake. Haikuwa hivyo. Kardinali Lavigerie alikuwa amewawekea wamisionari wake sheria ya miaka 4 ya matayarisho, isipokuwa kwa mtu aliye karibu kufa. Aliitoa katika desturi ya Kanisa la karne za kwanza, wakati mtu alipopaswa kuonyesha kwa maisha yake, si kwa mdomo tu, kwamba anataka kuwa wa Kristu. Wako waliochoka njiani wakarudi nyuma. Wako waliovumilia. Padri Stefano Kaoze, mwana wa inchi hii, aliyeanza Kilatini hapa hapa Mpala na kupewa upadri tarehe 21 Julai 1917, wa kwanza katika Kongo yote, naye alikuwa kwanza mtoto mkatekumeni kama wengine.

Neno Kwarezima limetoka katika Kilatini Quadragesima, maana yake ni ya arobaini. Tulipojifunza hayo katika seminari ndogo tulihesabu siku kwa vidole, tukaona zinapita 40, mpaka tulipoelezwa kwamba Dominika hazihesabiwi katika kufunga. Lakini wazee wetu hawakuhitaji hesabu hiyo ili wajue njaa. Hapa kwetu Kwarezima huanguka katikati ya mvua, ghala imekaribia kwisha na mahindi mapya bado hayajakauka. Mama anayewagawia watoto bukari mara moja kwa siku huuliza, na tumesikia wakiuliza: "Mwalimu, tufunge nini tena?" Ni swali la haki. Papa Paulo VI alilifikiri mwaka 1966 alipotengeneza upya sheria za kitubio: alibakiza kufunga Jumatano ya Majivu na Ijumaa Takatifu, akawapa maaskofu ruhusa ya kuweka sala na matendo ya mapendo mahali pa miiko mingine. Kwa maskini alisema kwamba wanaweza kumtolea Mungu taabu wanayoteswa nayo, huku wakitafuta haki zaidi. Tangu hapo, wanapouliza mama wale, nasi tunawauliza: jirani yako amekula? Katika mashirika yetu Kwarezima imekuwa kikapu cha muhogo kinachopelekwa kwa mjane, na ugomvi wa mipaka ya shamba unaomalizwa mbele ya Juma Takatifu. Tukubali kwamba kikapu ni chepesi kuliko ugomvi.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Vijana hushangaa tunapowaambia kwamba kwa miaka mingi parokia haikuwa na usiku wa Pasaka. Kadiri ya sheria ya wakati ule, katika Kanisa lote, mkesha ulifanywa asubuhi ya Jumamosi Takatifu, siku ambayo wazee waliiita siku ya posho. Moto mpya uliwashwa jua limekwisha kutoka. Mwanga wa Kristu uliimbwa kwa Kilatini mahali ambapo kila mtu aliona vizuri bila mshumaa. Masomo 12 ya manabii yalisomwa kwa lugha ambayo watu hawakuielewa. Saa sita ya mchana Kwarezima ilikuwa imekwisha. Tukumbuke kwamba katika masomo hayo 12 kulikuwamo lile la Kutoka, la Waisraeli kupita katikati ya bahari wakiacha utumwa wa Misri. Watoto waliokombolewa walikaa kanisani, ziwa liko hatua chache tu, na habari yao wenyewe ilikuwa inasomwa juu ya vichwa vyao. Bila katekista wa kuwaeleza baadaye, wangetoka bila kujua kwamba wametajwa.

Mwaka 1951 Papa Pius XII aliruhusu mkesha urudi usiku, kwa majaribio. Kwa amri ya Novemba 1955 Juma Takatifu lote likatengenezwa, na tangu Pasaka ya 1956 Alhamisi ikawa ya jioni, Ijumaa ya mchana, na mkesha ukawa mkesha kweli. Kisha Mtaguso wa pili wa Vatikano, mwaka 1963, ukafungua mlango wa lugha za watu, ukaagiza pia kwamba ukatekumeni wa watu wazima urudishwe kwa vipindi. Kitabu cha ibada hiyo kilitolewa Roma mwaka 1972: uchaguzi wa wakatekumeni Dominika ya kwanza ya Kwarezima, na uchunguzi Dominika ya tatu, ya nne na ya tano, pamoja na Injili za mama Msamaria, kipofu na Lazaro. Wengine walikipokea kama kitu kipya. Sisi tulitambua ndani yake sura ya babu zetu wa miaka 4.

Mwaka ule ule wa 1972 serikali ilikataza majina ya kigeni ya ubatizo. Kwenye karatasi yakafutwa. Lakini katika mkesha wa Pasaka, mbele ya kubariki maji, huimbwa litania ya watakatifu, nayo haikufutwa. Petro, Yohane, Stefano, Agata waliitwa kwa sauti kubwa, na kila mtu aliyekuwa kanisani alijua ni nani anayeitwa.

Juu ya vita vya 1998 hadi 2003 hatutasema mengi, kwani majeraha bado yapo. Watu wengi wa Moba na wa pwani hii walikimbilia Zambia, katika kambi za Mwange na Kala. Sisi tunaoandika haya tulikuwa vijana wakati ule. Tulikesha Pasaka mbali na kaburi za baba zetu, bila mshumaa mkubwa; tulichukua taa ndogo ya mafuta, tukaifunga juu ya mti, na katekista mzee akaimba mwanga wa Kristu mara tatu. Somo la Kutoka tulilisikiliza kwa namna nyingine kabisa. Kuanzia mwaka 2007 meli zilirudisha watu toka Mpulungu mpaka bandari ya Moba. Kati ya wale walioshuka walikuwamo wakatekumeni ambao waliandikwa hapa, wakafundishwa kule, na ambao daftari zao zilipotea. Iliulizwa kama waanze upya. Tuliona afadhali kuwaamini.

Leo shida yetu ni nyingine. Wazazi wanataka ubatizo wa haraka na nguo nyeupe ya kununua Kalemie. Karamu inatayarishwa kabla ya mafundisho. Tumeshuhudia wabatizwa wa Pasaka ambao hawaonekani tena wakati wa Pentekoste. Ndiyo maana tunashika sana Dominika inayofuata Pasaka, ambayo zamani iliitwa Dominika ya nguo nyeupe: siku ile tunaita majina tena, mmoja mmoja, na kila shirika hujibu kwa ajili ya mtu wake.

Iko na habari ya mwezi. Pasaka huwekwa Dominika inayofuata mwezi mpevu wa Machi au Aprili. Wavuvi wetu wa ndakala hutumia taa usiku wa giza, hata tangu zamani za lusenga na mienge. Mbalamwezi ikiwa kali samaki hawakusanyiki, na mitumbwi hukaa mchangani. Hivyo miaka mingine Pasaka huwakuta wavuvi nyumbani, na kanisa hujaa wanaume. Lakini mwaka 2025, mwaka wa jubilei yetu, Pasaka ilikuwa tarehe 20 Aprili, juma zima baada ya mwezi mpevu wa tarehe 13. Giza lilirudi saa za kwanza za usiku. Wengine waliacha nyavu, wakaja. Wengine hawakuweza, kwa sababu ya deni la mafuta na karo ya watoto. Tulipotoka kuwasha moto mpya mbele ya mlango, taa zao zilionekana ziwani, nyingi, zimetawanyika mpaka mbali, na Padri alingoja kidogo kabla ya kuinua mshumaa. Asubuhi walifika Misa ya pili, macho mekundu, na ndakala za kwanza waliziweka chini ya altare, pamoja na matoleo.