Aliyetumwa na Anayetumika

Ukipewa sentensi ya Kiingereza yenye kitenzi serve, usiwe na haraka ya kuitafsiri. Uliza kwanza nani anamfanyia nani nini. Muuza urojo wa Forodhani anapakua. Mwenye duka la Darajani anamhudumia mteja. Tarishi wa mahakama anafikisha hati ya wito, mfungwa anatumikia kifungo, mchezaji wa voliboli anaanzisha mpira, na sahani iliyovunjika ukingo bado inafaa. Kitenzi ni kimoja kwa Mwingereza; kwa Mswahili ni sita, na sijamaliza.

Ipo hata tafsiri iliyolikataa neno lenyewe. Kile ambacho Kiingereza kinakiita National Service, Tanganyika ya mwaka 1963 ilikiita Jeshi la Kujenga Taifa. Visiwani likaja Jeshi la Kujenga Uchumi. Utumishi umetolewa, ujenzi umeingizwa. Miaka miwili tu baada ya uhuru, ni nani angetaka kuwaambia vijana kwamba wanakwenda kutumikishwa?

Neno hilo lina mzigo hata kwao wenyewe. Serve limetokana na Kilatini, na mzizi wake ni servus, yaani mtumwa. Mwingereza anaposema service hasikii mnyororo, kwa sababu zimepita karne nyingi na lugha mbili katikati. Sisi mnyororo tunausikia, maana mzizi wetu uko wazi: kutuma.

Hapa sarufi ya shule ya msingi inatosha kabisa. Mtumwa ni yule anayetumwa, kauli ya kutendwa. Mtume naye ni aliyetumwa, kama mkate ulivyo kitu kilichokatwa na mshinde alivyo mtu aliyeshindwa. Kwa umbo, basi, mtume na mtumwa wamekaa upande mmoja wa kitenzi, wote ni watu ambao mwingine amewatuma. Kinachowatenganisha mbingu na ardhi ni nani aliyewatuma. Mtumishi ana njia yake. Ametoka kwenye kutumika, kama mpishi alivyotoka kwenye kupika na mwandishi kwenye kuandika. Mwishilio huo ni wa mtenda. Mtumishi anafanya, mtumwa anafanywa. Na wanaowasimamia watumishi wa serikali wanaitwa Tume ya Utumishi wa Umma: kutuma mara mbili katika jina moja.

Tofauti hii haikuwa ya kitaaluma kwa watu walioishi Mkunazini katika karne ya 19. Edward Steere alifika Zanzibar mwaka 1864 pamoja na Askofu Tozer wa misheni ya UMCA. Miongoni mwa wanafunzi wao wa kwanza walikuwa wavulana watano waliokamatwa ndani ya jahazi la watumwa, ambao Sultani Majid aliwakabidhi kwa askofu. Steere alijifunza lugha, akachapisha kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili mwaka 1870, kisha akaendelea na tafsiri za Biblia. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba wa kulifunga soko la watumwa, na Krismasi ya mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa mahali palipokuwa soko.

Sasa tazama kazi iliyokuwa mbele ya mtafsiri. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno doulos, na maana yake ni mtumwa, bila kuzunguka. Biblia ya Kiingereza ya Mfalme James ya mwaka 1611 mara nyingi ililipunguza makali ikaandika servant. Biblia ya Kiswahili inayosomwa zaidi leo haikufuata njia hiyo pale ambapo Paulo anawaandikia Warumi: katika mstari wa kwanza kabisa anajiita mtumwa, na papo hapo anajiita mtume. Mlio huo wa maneno mawili ya mzizi mmoja haumo katika Kigiriki wala Kiingereza. Umo kwetu tu. Jaribu kuusikia kwa masikio ya mtu aliyewahi kuuzwa hatua chache kutoka altareni. Siwezi kusema aliusikia kama faraja au kama tusi, lakini naamini hakuusikia kama tamathali ya usemi.

Watafsiri wa Qurani walikuwa na mlango mwingine. Neno la Kiarabu abd lingeweza kuwa mtumwa, lakini Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy, mzaliwa wa Zanzibar, katika tafsiri yake iliyotoka kamili mwaka 1969 alitumia mja na waja. Mja leo ni kiumbe mbele ya Mola wake, neno la heshima na unyenyekevu. Zamani lilikuwa pia neno la utumwa, na ushahidi umebaki katika mjakazi, mtumwa wa kike. Wengi hudhani mjakazi ana uhusiano na kazi. Hapana, kazi hiyo ni kiambishi cha kale cha jinsia ya kike. Na mjoli, mtumwa mwenzio, siku hizi utamkuta zaidi ndani ya Biblia kuliko mtaani.

Ukoo wa pili wa maneno yetu ya serve umetoka Uarabuni: huduma, kuhudumia, mhudumu. Unasikika safi. Ni neno la hoteli, ndege na benki, na hakuna anayeona haya kuitwa mhudumu. Lakini mzizi wake, kh-d-m, ndio uliotoa pia Wahadimu, jina walilopewa wenyeji wa kusini na mashariki mwa Unguja, watu wa Mwinyi Mkuu wa Dunga. Kwingineko mambo yalikwenda kinyume. Slave la Kiingereza limetokana na jina la Waslavi, na orja, mtumwa kwa Kifini, wanaisimu wengi wanalihusisha na jina la Waarya. Huko jina la watu liligeuka kuwa neno la utumwa. Unguja neno la utumishi liligeuka kuwa jina la watu. Si ajabu kwamba katika sensa za enzi ya Waingereza wengi wao walipendelea kuandikwa Washirazi, na kwamba lahaja ambayo vitabu viliiita Kihadimu, wenyewe huko Makunduchi wanaiita Kikae.

Kwa hiyo anayetafsiri nyaraka za Kiingereza za miaka ile ana deni. Maofisa na wasafiri wengi walipenda kuueleza utumwa wa Zanzibar kuwa ni wa nyumbani, wa upole, na kalamu zao ziliteleza kirahisi kutoka slave hadi servant. Ukiandika mtumishi wa nyumbani, umemgeuza aliyetendwa kuwa mtenda, na umefanya hivyo kwa silabi mbili tu.

Amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed ya Aprili 1897 inaonyesha jinsi mpaka huo ulivyokuwa na ukungu. Iliondoa utambuzi wa utumwa kisheria, lakini mtumwa alipaswa kwenda mahakamani mwenyewe kudai uhuru, na fidia akalipwa bwana. Aliyeachiwa alitakiwa aonyeshe makazi na njia ya kujipatia riziki, la sivyo ahesabiwe mzururaji. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo hadi mwaka 1909. Wengi walibaki kwenye mashamba yaleyale ya karafuu, wakimfanyia mwenye shamba kazi siku kadhaa za wiki ili wapate kipande cha kulima na kukaa. Utawaitaje watu hawa? Watumwa si sahihi tena, watumishi ni mapema mno. Kiswahili cha pwani kina neno linalowastahili: wanatumika. Haliseme ametumwa na nani, wala haliseme kama anaweza kuondoka.

Neno la Kiarabu nalo limerudi kwa njia nyingine. Katika nchi za Ghuba mfanyakazi wa kike wa nyumbani huitwa khaddama, kutoka mzizi uleule wa huduma na Wahadimu. Wakenya na Waganda waliokwenda huko wamelirudisha nyumbani kama kadama. Mkataba namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, haumwiti servant. Unamwita worker, nasi tunatafsiri mfanyakazi wa majumbani. Ni jina zuri, la kwenye karatasi. Ng'ambo, ukimuuliza mama yuko wapi bintiye siku hizi, atakujibu kwa maneno mafupi zaidi: yuko Maskati, kaenda kutumika.