Chaki Isiyoshindiliwa Sawasawa

Historia ya kromatografia husimuliwa kama historia ya rangi. Mwaka 1906 Mikhail Tsvet, mtaalamu wa mimea aliyefanya kazi Warsaw, alichapisha jinsi alivyotenganisha rangi za majani ndani ya mrija wa kioo uliojazwa unga wa chaki. Kazi ya kuushindilia unga huo huachwa, na nadhani ni kosa.

Nilijaribu hapa Juba kwa chaki iliyotwangwa na majani ya mchicha. Mkanda wa kijani ulishuka upande mmoja kama ulimi, ukauvamia wa njano uliotangulia. Kiyeyushi kilikuwa kimepata upenyo palipolegea, kando ya kioo. Bahr el Jebel ikifika Sudd hufanya vivyo hivyo: maji mengine hukimbia mkondoni, mengine hukawia kwenye mafunjo.

Mwaka 1956 Mholanzi J. J. van Deemter na wenzake waliliweka jambo hilo katika mlinganyo: njia zisizolingana kati ya chembe huupanua mkanda. Katika mlinganyo wao, kubadili kasi ya kiyeyushi hakuliondoi tatizo hilo. Dawa ni chembe ndogo zilizopangika vizuri.

Mara ya pili nilijaza chaki kidogo kidogo, nikishindilia kila tabaka. Rangi ya njano ikatoka peke yake.