Historia ya Viwanja vya Glasgow

Jioni ya tarehe 9 Julai 1867, vijana kadhaa walikutana katika nyumba namba 3, Eglinton Terrace, kusini mwa mji wa Glasgow, wakaunda klabu ya mpira na kuipa jina la bustani iliyo jirani: Queen's Park. Scotland nzima haikuwa na klabu nyingine ya soka. Walicheza kwa ridhaa, na klabu ikashikilia ridhaa hiyo hadi mwaka 2019, ndipo wanachama walipopiga kura kuruhusu wachezaji kulipwa. Anayetaka kusimulia historia ya soka la Glasgow hana pa kuanzia ila hapo. Mimi nitaifuata kupitia ardhi, maana katika mji huu makombe yamehama mikono na wachezaji wamekuja na kuondoka, lakini mara nyingi kilichoamua klabu ipi iishi na ipi ife ni kiwanja.

Mechi ya kwanza rasmi ya kimataifa duniani ilichezwa Glasgow tarehe 30 Novemba 1872, na haikuchezwa katika kiwanja cha soka. Ilichezwa Hamilton Crescent, mtaa wa Partick, kwenye uwanja wa kriketi, kati ya Scotland na England. Watazamaji walikuwa kama 4,000. Wachezaji wote 11 wa Scotland walitoka Queen's Park, na mechi iliisha 0-0. Vijana wa Queen's Park walikuwa wepesi wa miili kuliko wapinzani wao, ambao walizoea mtu mmoja kuchukua mpira na kukimbia nao mpaka anyang'anywe. Waskoti wakaanza kupeana pasi. Mchezo tunaoutazama leo kila wikiendi una deni kubwa kwa akili hiyo ya watu wa kusini mwa Glasgow. Uwanja wa Hamilton Crescent upo hadi sasa, na bado ni wa kriketi.

Mwaka uliofuata Queen's Park walipata kiwanja chao wenyewe, Hampden wa kwanza, uliopewa jina la safu ya nyumba zilizokuwa zikiutazama kutoka juu. Hapo ndipo alipocheza Andrew Watson, mtu ambaye kila mpenzi wa soka mwenye asili ya Afrika angepaswa kumjua. Alizaliwa mwaka 1856 Demerara, katika koloni la Guyana ya Waingereza, baba yake Mskoti mwenye mali, mama yake mwanamke mweusi wa huko. Alisomeshwa Uingereza, akahamia Glasgow, akaichezea Queen's Park na pia kuwa katibu wake. Tarehe 12 Machi 1881 aliiongoza Scotland kama nahodha jijini London, wakaifunga England 6-1 nyumbani kwake. Aliichezea timu ya taifa mechi tatu, na zote tatu walishinda, mbili dhidi ya England na moja dhidi ya Wales. Mechi ya mwisho, ile ya 5-1 dhidi ya England mwaka 1882, ilichezwa hapo Hampden wa kwanza. England ilikaa hadi mwaka 1978 kabla ya kumchezesha mtu mweusi, Viv Anderson, katika timu yake kubwa ya taifa. Glasgow ilikuwa imemkabidhi mtu mweusi unahodha karibu miaka 100 kabla.

Hampden huo wa kwanza uliuawa na reli. Njia ya treni ilipangwa kupita hapo, klabu ikahama mwaka 1883. Leo mahali pale wazee wanacheza mchezo wa kuviringisha matufe kwenye nyasi zilizonyolewa kama zulia, na ukutani kuna picha kubwa ya ushindi ule wa 5-1. Queen's Park wakajenga Hampden wa pili karibu na hapo, wakautumia kuanzia mwaka 1884 hadi 1903. Walipoondoka, wakaingia jirani zao, Third Lanark, klabu iliyoanzishwa mwaka 1872 na askari wa kujitolea. Uwanja ukaitwa Cathkin Park. Nitarudi Cathkin.

Upande wa mashariki, mambo yalikuwa mengine. Huko walikaa wahamiaji wa Ireland, Wakatoliki, watu wa viwandani walioishi kwa shida. Tarehe 6 Novemba 1887 mtawa aliyeitwa Brother Walfrid aliitisha mkutano katika ukumbi wa kanisa la St Mary's, mtaa wa Calton, ikazaliwa Celtic, kwa nia ya kukusanya fedha za kuwalisha watoto maskini wa parokia. Mechi yao ya kwanza, Mei 1888, waliwafunga Rangers 5-2. Rangers walikuwa vijana walioanza mwaka 1872 kwa kupiga mpira kwenye majani ya Glasgow Green, wala siku ile hapakuwa na uhasama wowote. Uhasama ulikuja baadaye, ukabeba dini na siasa za Ireland, na mpaka leo watani hao wanabeba mzigo mzito kuliko Simba na Yanga.

Mwaka 1892 mwenye ardhi alipandisha kodi ya kiwanja cha Celtic kutoka pauni 50 kwa mwaka hadi 450. Klabu ikaondoka, ikaenda ng'ambo ya makaburi ya Janefield, kwenye shimo lililoachwa na wafyatua matofali, lililojaa maji. Shimo likafukiwa kwa maelfu ya mikokoteni ya udongo, na kazi nyingi ikafanywa na mashabiki wenyewe kwa kujitolea. Ndipo ulipo uwanja wa Celtic Park hadi leo, na jina lake la utani, Paradiso, linatokana na kuhama huko: wametoka makaburini wakaingia peponi. Klabu nyingine ya mji, Partick Thistle, nao yaliwakuta ya kuhamishwa. Karakana ya meli kando ya mto Clyde ilihitaji ardhi yao mwaka 1908, wakakaa msimu mzima bila makao, na mwaka 1909 wakafungua Firhill katika mtaa wa Maryhill. Jina lao bado ni Partick Thistle, ingawa Partick wameshaiacha zaidi ya karne.

Ibrox, uwanja wa Rangers, una habari za msiba. Tarehe 5 Aprili 1902 Scotland ilicheza na England hapo. Jukwaa la magharibi lilikuwa jipya, la mbao zilizoshikiliwa na vyuma, juu sana kutoka ardhini. Umati ulipoyumba, mbao zikavunjika, watu wakatumbukia. Walikufa 25, zaidi ya 500 wakaumia. Aliyelibuni ni Archibald Leitch, mhandisi mzaliwa wa Glasgow na shabiki wa Rangers, naye alikuwapo uwanjani akiona. Wengi wangeacha kazi. Leitch aliendelea, ila jukwaa refu la mbao halikujengwa tena namna ile: ngazi za kusimamia zikawekwa juu ya tuta la udongo ulioshindiliwa, na vyuma vya kuzuia msukumano vikapangwa katikati yake. Mtu huyo ndiye baadaye aliyechora majukwaa ya Anfield, Old Trafford, Goodison Park na viwanja vingine vingi. Jukwaa kuu la Ibrox la mwaka 1929, lenye ukuta wa matofali mekundu, ni kazi yake, na kwa macho yangu hakuna jengo la soka Uingereza linalolifikia kwa heshima.

Hampden wa tatu ulifunguliwa tarehe 31 Oktoba 1903, nao ukawa mkubwa kuliko vyote. Mwaka 1937 Scotland na England ziliingiza watu 149,415. Juma moja baadaye fainali ya kombe kati ya Celtic na Aberdeen ikaingiza zaidi ya 146,000. Mwaka 1960, watu 127,621 walishuhudia Real Madrid ikiifunga Eintracht Frankfurt 7-3 katika fainali ya Ulaya, Puskás akifunga manne na Di Stéfano matatu. Mwenye uwanja huo wote alikuwa Queen's Park, klabu ya ridhaa isiyomlipa mchezaji hata senti. Iliuuza kwa chama cha soka cha Scotland mwaka 2020.

Sasa Cathkin. Third Lanark walikuwa mabingwa wa Scotland mwaka 1904, na Kombe la Scotland walilichukua mwaka 1889 na 1905. Msimu wa 1960-61 walimaliza ligi wakiwa wa tatu, na magoli 100. Miaka sita baadaye hawakuwapo. Uongozi uliifilisi klabu, wachezaji wakauzwa mmoja mmoja, na kulikuwa na mpango wa kuuza ardhi ya Cathkin ijengwe nyumba. Uchunguzi wa serikali ulikuja kuulaumu uongozi huo vikali. Mechi ya mwisho ilikuwa Dumbarton, tarehe 28 Aprili 1967, wakafungwa 5-1. Tarehe 25 Mei mwaka huohuo, chini ya mwezi mmoja, Celtic ya kocha Jock Stein iliifunga Inter Milan 2-1 mjini Lisbon na kuwa klabu ya kwanza ya Uingereza kutwaa kombe la Ulaya, kwa kikosi ambacho wachezaji wote walizaliwa ndani ya kilomita 50 kutoka Celtic Park. Mji mmoja, majira yaleyale. Dunia ilikumbuka Lisbon, na ni haki yake. Third Lanark walibaki kwa waliowapenda.

Nyumba hazikujengwa. Halmashauri ya mji ilikataa, Cathkin ikawa bustani ya umma. Ukipita chini ya miti unaona ghafla umesimama ndani ya uwanja. Ngazi za zege zinazunguka pande tatu, zimemeguka, moshi wa mji umezitia weusi, ukoka na kuvu vikijaza nyufa. Vyuma vya kuegemea bado vimesimama safu kwa safu, vingine vimepakwa nyekundu, rangi ya klabu. Miti imeota katikati ya ngazi, mingine minene kuliko mtu. Chini, kiwanja kimechorwa mistari na nyavu hufungwa siku za mechi, kwa kuwa timu za mitaani na za watoto bado hucheza hapo. Nilimkuta mzee akimtembeza mbwa wake, nikamsalimu, akanionyesha ngazi aliyokuwa akisimama na baba yake. Hakunieleza zaidi, nami sikumuuliza.

Ibrox ulipata msiba mwingine tarehe 2 Januari 1971. Rangers na Celtic walikuwa wametoka 1-1, magoli yote mawili yakifungwa dakika za mwisho kabisa. Watu walipokuwa wakishuka ngazi namba 13, baadhi walianguka, na wimbi la waliokuwa nyuma likawaangukia. Walikufa 66, wengi wakiwa vijana, na watano kati yao wavulana wa kijiji kimoja, Markinch. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba waliokuwa wakitoka waligeuka kurudi waliposikia goli la kusawazisha. Uchunguzi ulikataa habari hiyo: wote walikuwa wakielekea upande mmoja. Ngazi hiyohiyo ilikuwa imeshaua watu wawili mwaka 1961. Kutokana na msiba wa 1971 ndipo ilipotungwa sheria ya usalama viwanjani ya mwaka 1975, na Rangers wakabomoa matuta na kujenga majukwaa ya viti. Nje ya uwanja kuna sanamu na majina ya waliokufa. Yasomwe kabla ya kuingia.

Mwaka 2012 kampuni iliyoiendesha Rangers ilifilisika, na timu ikaanza upya daraja la nne. Agosti mwaka huo, dhidi ya East Stirlingshire, mashabiki zaidi ya 49,000 walijaa Ibrox. Uwanja ulikuwa umebaki, na kwa kuwa ulibaki, watu walijua pa kwenda. Klabu ya Clyde haikupata bahati hiyo. Walitolewa uwanja wa Shawfield mwaka 1986, na tangu hapo wamekuwa wapangaji wa kuhamahama.

Mwaka huohuo wa 2012, tarehe 7 Novemba, siku moja baada ya Celtic kutimiza miaka 125, Barcelona walikuja Paradiso. Walimiliki mpira karibu mchezo wote. Dakika ya 21 Charlie Mulgrew alipiga kona, na Victor Wanyama, kijana wa Nairobi, akaruka juu ya mabeki na kuupiga kichwa hadi wavuni. Tony Watt, mwenye umri wa miaka 18, akaongeza la pili. Messi alipata moja mwishoni, mechi ikaisha 2-1. Wanyama akawa Mkenya wa kwanza kufunga goli katika Ligi ya Mabingwa Ulaya. Shimo la matofali lililofukiwa na wahamiaji maskini lilikuwa limempa mtoto wa Kenya usiku wake mkubwa, na sidhani kama kuna mchezaji wa Afrika Mashariki aliyewahi kushangiliwa na umati kama ule kwa goli kama lile.

Ndugu msomaji, ukipata safari ya Glasgow, nenda Celtic Park na Ibrox, lakini usiishie huko. Jumamosi saa tisa alasiri nenda Firhill. Nunua pai ya nyama ya kondoo, ile ya mviringo yenye ganda gumu na pilipili manga nyingi, uile ukiwa umesimama na mafuta yakikuchuruzikia kiganjani, na kikombe cha Bovril ya moto dhidi ya baridi. Bia hutaipata: sheria iliizuia baada ya mashabiki kupigana uwanjani katika fainali ya kombe ya mwaka 1980. Watakaokaa jirani yako watakusimulia Oktoba 1971, siku Thistle walipoifunga Celtic 4-1 katika fainali ya Kombe la Ligi, manne yote yakiingia kipindi cha kwanza. Ukiwa na siku nyingine, panda treni hadi kituo cha Mount Florida. Jumba la makumbusho la soka limo ndani ya Hampden, pamoja na kombe la Scotland lililotengenezwa mwaka 1873. Kutoka hapo Hampden wa kwanza na Cathkin utavifikia kwa miguu, vyote viwili, mchana mmoja. Cathkin haina geti wala kiingilio.