Jicho la Mamani

Kwenye miteremko ya mashariki ya Andes, huko Bolivia, mikwinini huota kwa kutawanyika msituni. Aina zake zinazidi 20, zinafanana mno, na zinapokutana huchanganya mbegu na kuzaa machotara. Kwa macho ya mgeni, yote ni mti mmoja. Manuel Incra Mamani, Mwaymara aliyeishi kwa kuchuna magome, aliutazama mti akajua ni wa ukoo gani.

Ujuzi huo ulikuwa mali. Mwaka 1820, jijini Paris, Joseph Pelletier na Joseph Caventou walikuwa wametenga kwinini kutoka kwenye gome hilo. Kwinini ni alkaloidi, kemikali chungu yenye nitrojeni inayotengenezwa na mmea wenyewe. Sasa malaria ilikuwa na dawa ya kupimwa kwa mizani. Likabaki swali: mti upi unayo kwa wingi?

Mwaka 1860 Waingereza walipeleka wakusanya mbegu Andes. Mingi ya miti waliyoiotesha India ilitoa kwinini haba. Mwaka 1865 Mamani alimfikishia Charles Ledger, mfanyabiashara Mwingereza aliyemtumikia miaka mingi, mbegu alizozichagua mwenyewe. Serikali ya Uingereza ilizikataa. Waholanzi wakanunua takriban nusu kilo, wakazipanda Java. Miti ilipokomaa na magome kupimwa, mingine ilikuwa na kwinini iliyozidi asilimia 10. Kufikia miaka ya 1930, Java ilitoa zaidi ya sehemu tisa kati ya kumi za kwinini yote duniani.

Bolivia ilikuwa imekataza mbegu kutoka nchini. Mamani alikamatwa, akapigwa vibaya, akafa kwa majeraha. Mti ukaitwa Cinchona ledgeriana.

Baadaye kemia ilifuatilia ukoo huo mbali zaidi. Mkwinini ni ndugu wa mbuni, mti wa kahawa, na ukipanda juu kidogo kwenye nasaba unakuta binamu: ua la Madagascar la rangi ya waridi, Catharanthus roseus. Mimea hii miwili huanzia kwenye kemikali moja, striktosidini, kisha kila mmoja hushika njia yake. Mkwinini huishia kwenye kwinini. Ua la Madagascar huishia kwenye vinblastini na vinkristini, dawa ambazo tangu miaka ya 1960 zimetibu saratani za damu na za tezi za limfu. Ndiyo maana mtafuta dawa akipata kemikali yenye manufaa kwenye mmea mmoja, huwageukia jamaa zake.

Afrika Mashariki nayo ilionja tunda la elimu ya mkwinini. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Wajerumani waliozingirwa na adui walitengeneza kwinini Amani, milimani Usambara, kwa magome ya miti waliyoipanda huko.

Leo nasaba ya mimea husomwa kwenye DNA. Mamani hakuwa na maabara. Alikuwa na msitu, miaka mingi ya kuchuna, na jicho lililotofautisha ndugu na ndugu. Jina la mti ni la Ledger. Chaguo lilikuwa la Mamani.